Mikono ya Mama Vumilia na Taa ya Almasi

Shemeji yangu Scolastika alikuwa na mdomo mkali na mkono mtamu, na kwa miaka mingi mkono uliufanya mdomo usamehewe. Alikutukana saa sita mchana mbele ya watu ishirini, akakuita mvivu, mchafu, mtu asiyejua kwao, halafu akakusukumia sahani ya wali na sato wa kukaanga, na wewe ukasema asante. Kibanda chake kilikuwa Kalangalala, pale Geita: mabati sita, mabenchi manne, sufuria mbili kubwa. Wachimbaji walitoka kwenye maduara yao, yale mashimo ya dhahabu, na vumbi hadi kwenye kope, wakapita vibanda vingine vitano bila kugeuza shingo, wakaja kukaa kwake watukanwe.

Namwita shemeji kwa sababu marehemu Jilala, mumewe, alikuwa kaka yangu tumbo moja. Walitoka nyumbani kwetu Didia wakiifuata dhahabu kama watu wote, na Jilala aliipata kiasi cha kununua hayo mabati sita kabla malaria haijamchukua. Mimi ni Boaz, fundi wa pampu. Duara likijaa maji wananiita, pampu ikiwaka wananisahau. Kila mchana nilikula kwa shemeji, na kwa kuwa shemeji kwetu ni mtu wa kutaniwa, matusi yangu yalikuwa makubwa kuliko ya wengine, na kipande changu cha samaki pia. Mtoto wao, Vumilia, alikuwa anasoma sekondari Shinyanga, akikaa kwa mjomba wake, mtaa wa Ngokolo. Sare, daftari, sabuni, vyote vilitoka ndani ya zile sufuria mbili.

Mwaka 1998, masika yakianza, ncha ya kidole kimoja cha Scolastika, mkono wa kulia, iligeuka nyeupe. Tulidhani ni unga. Akaosha, akasugua kwa jiwe la kusugulia visigino, weupe ukabaki palepale. Kufika mwezi wa sita vidole vyote kumi vilikuwa vimepoteza rangi, na migongo ya mikono ilikuwa na mabaka. Hayaumi, hayawashi. Bibi mmoja wa Kizinza aliyekuwa akiuza dagaa alitazama mara moja tu, akasema hiyo ni mbalanga, mama yake mwenyewe alikuwa nayo na alikufa kwa uzee. Hakuna aliyemsikiliza, maana Kalangalala ilijaa wataalamu. Mmoja alisema ni ukoma. Wa pili alisema ni zebaki imemwingia kupitia kwenye maji. Wa tatu, mwendesha karasha, ile mashine ya kusagia mawe, alisema jambo hili alilisikia redioni, ila hakumbuki walisema nini.

Hapa huwa napandwa na hasira hata leo. Watu hao hao walikuwa wakikamua zebaki kwa mikono mitupu, wakijifuta kwenye suruali, kisha wakishika chapati. Kuna mmoja niliyemwona kwa macho yangu akijichokonoa sikio kwa msumari wa mgodini na kurudi kwenye maharage yake. Lakini vidole vya mwanamke anayenawa mara thelathini kwa siku, hivyo ndivyo vilivyowatia hofu. Wakaanza kupungua. Waliobaki wakawa wanadai vijiko, wanaume wazima, ugali kwa kijiko. Sufuria ya pili ikaacha kupanda jikoni. Scolastika akaniambia wazi kwamba mwaka ukiisha hivi, atang'oa mabati yake arudi Didia akalishwe na kaka zake, na Vumilia ataacha shule arudi naye.

Na mimi je? Nisijifanye mtakatifu. Sikuacha kwenda. Nilienda kila siku, nikakaa, nikatania, na aliponiambia, "Karibu chakula, shemeji," nikajibu, "Nimeshiba, nimetoka kula mgodini." Mgodini kulikuwa na mihogo ya kuchemsha tu, na mihogo siipendi. Nilijua kabisa kuwa vile vidole haviniambukizi kitu. Kichwa kilijua, koo ndilo lililokataa. Alikuwa ananitazama kidogo, anasema, "Haya," anafunika sufuria.

Alijaribu glavu. Alizinunua dukani kwa Mama Hozefa, glavu nyeupe za mpira, akazivaa siku moja kuanzia chai mpaka chakula cha mchana. Wale waliokuwa bado wanakuja walimtazama anavyopakua, wakakumbuka mahali walipowahi kuona glavu kama zile, na mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Mochwari." Wawili waliondoka na chai imejaa kwenye vikombe. Scolastika alizitupa jikoni, na kibanda kikanuka mpira uliowaka kwa siku tatu, jambo ambalo halikusaidia biashara.

Mama Hozefa ndiye aliyeleta habari ya mwanga. Jina lake ni Dolatkhanu, Mhindi mwenye duka, amezaliwa Shinyanga mjini, na Kisukuma chake kinakishinda cha watoto wetu. Alimwita Scolastika ndani ya kaunta, jambo ambalo hamfanyii mteja yeyote, akamtolea barua na picha.

"Keti, mayu, keti mama. Huyu ni Shehnaz, mtoto wa dada yangu, yuko Uingereza. Ana haya haya ya kwako, shingoni na mikononi. Hospitali wanamsimamisha ndani ya kabati lenye taa pande zote, amevaa miwani, dakika chache tu. Mara tatu kwa wiki. Na rangi imeanza kurudi."

"Inarudi kabisa?"

"Polepole. Dada ameandika kwamba sasa kuna mwanga mwingine unajaribiwa, unaitwa leza, unapigwa kwenye baka peke yake, ngozi nyingine haiguswi. Lakini huo bado."

"Taa hizo ni za rangi gani, Mama Hozefa?"

"Ameandika zambarau. Sasa nisikilize, si taa za nyumbani hizo. Nenda hospitali kubwa, siku hizi kuna madaktari wa ngozi."

Nilikuwepo, nikinunua kamba ya pampu, kwa hiyo najua kwamba neno hospitali lilisemwa, tena kwa herufi zote. Scolastika hakulisikia. Alitoka pale na neno moja tu, zambarau, na mimi mjinga nikamkumbusha kuwa taa ya zambarau tunayo hapa hapa Kalangalala.

Ilikuwa ya Kalisti, broka wa madini. Kalisti alikaa miaka mingi upande wa Shinyanga akinunua almasi ndogo ndogo, na dhahabu ilipopamba moto akahamia Geita na mizani yake na taa yake ya kupimia mawe. Taa yenyewe ilikuwa ndogo kama tofali, kioo chake cheusi chenye uzambarau, inatumia betri ya gari. Ukiimulikia almasi gizani, nyingi hutoa mwanga wa buluu, na kipande cha chupa hakitoi kitu. Kwa almasi ni chombo cha maana. Kwa dhahabu haina kazi, imulike usimulike ni sawa, kwa hiyo Geita ile taa ilikaa kwenye rafu imefunikwa taulo. Kalisti alikuwa mtu wa kuvaa koti kwenye jua kali, na alikuwa hawezi kuvumilia kumiliki kitu kisichomletea heshima.

"Leza?" alisema tulipomweleza. "Leza na hii ni baba mmoja, mama mmoja. Na hii ndiyo kaka mkubwa."

"Utanitoza kiasi gani?" Scolastika akauliza.

Kalisti akanyoosha koti. "Hela sitaki, Mama Vumilia. Wewe niletee chakula cha mchana, sahani moja kila siku. Na inatosha."

Shemeji yangu, aliyezika mume bila kulia mbele za watu, alifuta macho kwa kona ya kanga. Tulipofika njiani akaniambia, "Umeona? Huyo ndiye mtu." Nikasema nimeona. Kesho yake alichagua sato mkubwa kuliko wote sokoni, akapika wali kwa karanga, akafunika kwa kitambaa cheupe cha harusi yake.

Kliniki ya Kalisti ilikuwa chumba cha nyuma alichokuwa akiwekea magunia. Aliziba dirisha kwa blanketi, akaziba chini ya mlango kwa koti lenyewe, na saa nane mchana tukawa gizani kama tuko ndani ya duara. Nilisikia akigusanisha nyaya za betri. Taa ikawaka mwanga hafifu, wa kukatisha tamaa. Kisha Scolastika akanyoosha mikono.

Ikawaka. Si mikono yote, ni yale mabaka tu, buluu nyeupe, kila kidole peke yake, na ngozi nyingine imebaki giza. Shati langu nalo likawaka lote kwa sababu ya sabuni ya unga, lakini hakuna aliyelitazama. Kalisti akasogeza taa karibu zaidi. Kwa miaka yote aliyokuwa na taa ile, mwanga wa namna hiyo alikuwa ameuona kwenye kitu kimoja tu duniani, na kitu hicho si mtu. Nikasikia anapapasa mfukoni. Akatoa lenzi yake ya kukagulia mawe, akaibana kwenye jicho, akainama.

"Hii ya kidole gumba ni safi sana," akanong'ona. "Haina ufa."

"Kalisti," nikamwambia, "hicho ni kidole."

"Najua ni kidole, wewe. Nasema tu ni safi."

Scolastika alicheka, na mimi nikacheka, ilikuwa mara ya kwanza tangu masika kucheka juu ya ile mikono. Halafu akageuka, na ukutani kulikuwa na kioo cha Kalisti cha kunyolea. Akajiona. Kuzunguka mdomo wake na pembeni mwa jicho la kushoto kulikuwa na alama zinang'aa vilevile. Nje, kwenye jua, uso wake ulikuwa mweusi mzima, hatukuwa tumeona chochote. Akaweka mikono mdomoni, mikono inayowaka juu ya mdomo unaowaka, akasema polepole, "Kumbe na usoni imekwishaingia." Nilitafuta utani wa kusema na sikuupata.

Kalisti, kwa upande wake, alipata la kusema, maana hakuwahi kulikosa. Alieleza kuwa ugonjwa huo ulikuwa umejificha, na kazi ya taa ni kuuita utoke. Ukitoka wote, unakwisha. Wiki tatu baadaye alama za usoni zilipoanza kuonekana hata kwenye mwanga wa jua, alipeana mikono na mimi kwa furaha, akisema dawa imeshika. Nilimpa mkono. Sijui hata nilikuwa nawaza nini.

Tuliendelea hivyo wiki sita, Jumanne na Ijumaa taa, na kila siku sahani. Mikono haikubadilika hata kwa nukta moja, uso ndio uliobadilika, kwa ubaya. Lakini Scolastika alikuwa na raha isiyoelezeka, na sababu ilikuwa ile sahani. Ilirudi kila siku imelambwa. Alikuwa ananionyesha. "Tazama, shemeji, hajaacha hata mwiba." Alianza kumwekea Kalisti mboga mbili. Siku nyingine alipika vile alivyokuwa akipika zamani, kwa watu ishirini, akampelekea mmoja.

Kalisti alikuwa na mbwa anayeitwa Gramu. Aliletwa mwembamba, mbavu zinahesabika, kazi yake kubwa ilikuwa kubwekea wachimbaji wasikaribie mizani. Kufikia mwezi wa nane Gramu alikuwa amenenepa kiasi kwamba habweki tena, anakohoa. Wote tulimwona. Hakuna aliyejiuliza.

Siku moja ya Ijumaa mimi na Scolastika tulikuja mapema kuchukua sahani, na kwa kuwa mlango wa mbele ulikuwa na wateja, tukazunguka nyuma. Kalisti alikuwa amechuchumaa na koti lake. Mbele yake kulikuwa na kitambaa cheupe cha harusi, juu yake sahani, na kwenye sahani kichwa cha Gramu. Na yule bwana alikuwa akimchambulia miiba mbwa wake, mwiba mmoja mmoja, kwa upole wa mama mzazi, akitumia kibano chake cha kushikia almasi ili vidole vyake visiguse samaki.

Nilitegemea matusi. Nilijiandaa kabisa, kwa sababu namjua. Scolastika alisimama tu.

"Mama Vumilia," Kalisti akaanza, "mimi hapa ni kama daktari, na daktari kula kwa mgonjwa wake haifai."

"Wiki sita nimepika nikidhani kuna mtu mmoja mjini anakula kwangu," akasema Scolastika. "Kumbe yupo kweli. Ana mkia." Akainama, akampapasa Gramu kichwani kwa mkono wake mweupe. "Wewe ndiye mwanamume wa Kalangalala."

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, na huko ndiko kulikoniponza, maana alinigeukia.

"Na wewe, shemeji? Umeshiba tangu masika. Nani anakushibisha?"

Nikatazama betri ya gari iliyokuwa pale ukutani, nikaiona ina kutu, nikaendelea kuitazama. Alichukua sahani na kitambaa chake, akaondoka peke yake.

Wiki iliyofuata alimtuma mtu kuniambia kwamba anakwenda hospitali kubwa ng'ambo ya ziwa, na kwa kuwa ukoo hauruhusu mjane asafiri kama mkiwa, nimsindikize. Nikamsindikiza. Siku mbili hakunisemesha. Alikuwa akizungumza na mimi kupitia abiria wengine. "Mama, hebu mwambie huyo kaka asogeze miguu yake." Kwenye kivuko alimwomba padri mmoja aniulize kama nimekula, na nilipojibu kwamba bado, alimwambia padri, "Ajabu, kwa kawaida huwa ameshiba." Padri wa watu alitutazama kwa zamu, akafungua kitabu chake cha sala.

Daktari wa ngozi alikuwa dada kijana aitwaye Euphrasia, nami kwa ujinga wangu nilimuuliza daktari anakuja saa ngapi. Alimkagua Scolastika mikono, uso, viwiko, magoti. Akamgusa kila mahali, bila glavu, bila haraka, na nikaona shemeji yangu anakazana asilie. Kisha akafunga mapazia, akavuta droo, akatoa taa ndogo yenye kioo cha zambarau.

Scolastika akasimama akachukua mkoba wake. "Asante, daktari. Hiyo ninayo nyumbani. Inanenepesha mbwa."

Ilibidi tueleze yote, kuanzia almasi. Daktari alicheka mpaka akakaa. Halafu akatufafanulia vizuri, na ningependa Kalangalala nzima ingekuwepo. Alisema taa ile ni ya kuangalia, si ya kutibu. Inaonyesha mahali ngozi ilipopoteza rangi, hata pale ambapo jicho bado halijaona, na kazi yake inaishia hapo. Mwanga unaotibu ni mwingine, wenye nguvu, unapimwa kwa dakika na daktari, kama ule wa Shehnaz. Hiyo leza hata huko Ulaya bado wako kwenye kuijaribu. Hapa wanacho kitu kingine: dawa ya kupaka, halafu jua, kwa dakika atakazoandika yeye, zisizidi hata moja, kisha unaosha na kujifunika, maana ukizidisha ngozi inaungua. Na mbalanga haiambukizi. Si kwa mkono, si kwa chakula, si kwa kulala kitanda kimoja. Alilisema hilo mara mbili, na mara ya pili alinitazama mimi.

"Rangi itarudi?" Scolastika akauliza.

"Usoni nina matumaini makubwa," akasema daktari. "Vidoleni sitaki kukudanganya, mama. Ncha za vidole huwa hazikubali. Hata kwa zile taa kubwa, hata leza ikifika, vidole ndivyo vigumu kuliko vyote."

Scolastika alijitazama vidole. Kisha akasema, "Daktari, mimi uso sipiki nao."

Daktari alivuta karatasi, akaanza kuandika dakika za jua.

Tulirudi na chupa ya dawa na karatasi. Kuanzia hapo, kila baada ya siku moja, saa nne asubuhi, Scolastika aliketi mbele ya kibanda chake amepaka uso na mikono, saa ya mezani miguuni, anaelekeza uso juu. Dakika zikiisha anaosha, anajifunga mtandio mpaka puani, anavaa miwani myeusi, anafungua mwavuli. Wachimbaji walikuwa wanasimama kumtazama. Habari iliyozunguka ni kwamba Mama Vumilia amesafiri siku mbili kwenda kuandikiwa jua, kitu ambacho Geita tunacho hata cha kumpa jirani. Na kwa sababu ya ile miwani myeusi, ambayo kwetu inavaliwa na mabroka peke yao, watu watatu kwa nyakati tofauti walimletea dhahabu ainunue.

Mwezi wa kumi na moja vikaanza kutokea vidoti. Vidogo, vyeusi, kama mtu amemmwagia ulezi usoni. Vikakua, vikaungana. Kufikia katikati ya Desemba jicho la kushoto lilikuwa limepona kabisa na mdomo ulibaki na mstari mwembamba tu. Kalisti alitembea mtaani akitangaza kwamba ile ni taa yake, ilikuwa imechelewa tu kufanya kazi, na nasikia watu wawili wenye upele na mmoja mwenye jino walikwenda kuziba dirisha kwa blanketi. Vidole vilibaki vyeupe vyote kumi, kama daktari alivyosema. Wateja waliokuja kushangaa uso walitazama vidole, wakaaga.

Jumapili moja kabla ya Krismasi nilikwenda kibandani baada ya saa saba. Vibanda vya jirani vilikuwa vimejaa. Kwake alikuwa peke yake, mabati mawili ya nyuma ameshayang'oa na kuyalaza ukutani. Alikuwa ameketi kwenye benchi anakula, ugali na dagaa wa nazi, bakuli mbele yake. Nikakaa benchi la pili. Nikangoja lile neno, huku jibu langu likiwa tayari mdomoni kama siku zote.

Hakunikaribisha.

Mtu asiyetoka kwetu hawezi kujua hilo ni jambo gani. Hata mgeni usiyemjua jina, hata adui, hata mtu anayekudai, akikukuta unakula unasema karibu. Unasema hata kama chakula hakitoshi, na yeye anakataa, na heshima imekaa mahali pake. Miezi saba nilijificha nyuma ya desturi hiyo, yeye ananialika, mimi nakataa, tunaonekana ndugu. Sasa alikuwa anakata tonge, anachovya, anatafuna, anatazama barabara, na mimi niko pale kama sipo. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ameacha tu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona hata nilipoanguka na suruali iliyochanika mbele ya kanisa.

Nikainuka, nikachukua birika, nikanawa mwenyewe. Nikahamia kwenye benchi lake. Nikapeleka mkono kwenye ugali bila kualikwa, kitu ambacho marehemu mama angenichapa kwacho pamoja na ukubwa wangu. Ulikuwa wa moto. Nikakata tonge upande wake, si upande wangu, palepale vidole vyake vilipokuwa vimepita, nikachovya kwenye dagaa, nikaweka mdomoni. Koo likajaribu kusema neno lake. Nikameza.

Walikuwa wananitazama, kibanda cha kushoto na cha kulia. Yule mwendesha karasha, na kijiko chake mkononi, akaita, "Vipi, fundi? Umeshiba?"

Scolastika aliacha kutafuna.

"Sijashiba," nikasema. "Nina njaa ya tangu mwezi wa tano."

Scolastika hakunisamehe siku hiyo, na mpaka leo sijui ni siku gani alinisamehe. Alilisogeza bakuli la dagaa katikati yetu. Halafu, bila kunigeukia, akaniambia nikimaliza nipande juu nikayarudishe yale mabati mawili, maana kesho ni Jumatatu na wali hauivi kwenye mvua.